Vinundu vya korodani kwa wanaume wenye CAH: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaume waliozaliwa na ugonjwa wa tezi za adrenali (tezi ndogo zilizo juu ya figo) ambao kwenye kadi ya kliniki huandikwa CAH, na wa wazazi wanaolea watoto wa kiume wenye hali hiyo. Mazungumzo mengi kuhusu CAH huwa ya wasichana, kwa kuwa kwao dalili huonekana siku ileile ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume huonekana mzima. Akivuka salama wiki za mwanzo hupewa vidonge vyake, anakua, anasoma, anaoa. Kisha mtoto hapatikani, na ndipo mtu anapompima korodani kwa altrasaundi kwa mara ya kwanza maishani. Nataka kipimo hicho kifanyike miaka mingi kabla ya hapo, na ndiyo sababu ya kuyaandika haya.

Nimeambiwa nina uvimbe kwenye korodani zote mbili. Ni saratani?

Kama una CAH, uwezekano mkubwa ni kwamba si saratani. Uvimbe huu, ambao kwenye majibu ya kipimo huandikwa TART, ni tishu inayofanana na ile ya tezi ya adrenali iliyoota ndani ya korodani. Hausambai kwenye viungo vingine kama saratani ifanyavyo. Kwa wanaume wengi hutokea pande zote mbili, na hiyo yenyewe ni dalili ya kutuliza moyo, kwa sababu saratani ya korodani kwa kawaida huanza upande mmoja.

Hata hivyo, usijipe jibu mwenyewe nyumbani. Uvimbe wa upande mmoja, mgumu, unaokua haraka, unahitaji kuchunguzwa kama uvimbe mwingine wowote, pamoja na vipimo vya damu vya AFP na beta-hCG, vinavyosaidia kutambua saratani ya korodani. Kuwa na CAH hakumkingi mwanaume na saratani.

Tishu ya tezi iliyo juu ya figo imefikaje korodanini?

Tumboni mwa mama, adrenali na korodani huanza maisha zikiwa majirani, mgongoni mwa kijusi, karibu na figo zinapojengeka. Baadaye korodani hushuka safari ndefu hadi kwenye mfuko wake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baadhi ya seli za adrenali hunasa kwenye korodani na kushuka nayo. Hata watoto wasio na ugonjwa wowote huweza kuzaliwa na seli hizi, zikanyauka bila mtu kujua. Kwa mwenye CAH hazinyauki, kwa sababu kuna kitu kinachozilisha.

Kitu gani kinazilisha?

Hapa tuende polepole, maana ukielewa sehemu hii, yanayofuata yote yatakaa sawa.

Kazi mojawapo ya adrenali ni kutengeneza kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa homa, njaa, jeraha au mshtuko. Kotisoli hutengenezwa kwa hatua, kimeng'enya kimoja kikimkabidhi mwenzake kazi. Kwa watu wapatao 95 kati ya kila 100 wenye CAH, kimeng'enya kilichopungua ni 21-haidroksilesi, ambacho jeni lake, CYP21A2, liko kwenye kromosomu ya 6. Malighafi ikifika hatua hiyo inakwama. Inarundikana, na sehemu yake inachepuka na kugeuka androjeni, yaani homoni za kiume.

Ubongo ukiona kotisoli haitoshi, tezi ya pituitari hutuma homoni ya kuamrisha inayoitwa ACTH. Jibu lisipokuja, hutuma nyingine, na nyingine. Adrenali husukumwa usiku na mchana mpaka zinanenepa. Sasa zile seli zilizohamia korodanini nazo zina vipokezi vya ACTH. Amri iliyotumwa juu ya figo inasikika hadi huku chini. Zinaitii, zinaongezeka, zinakuwa vinundu.

ACTH siyo chanzo pekee. Seli hizi zimekutwa pia na vipokezi vya LH, homoni inayopanda wakati wa kubalehe, na vya anjiotensini II, homoni inayopanda mwili unapopoteza chumvi. Hiyo inaendana na yale yanayoonekana kliniki: vinundu huongezeka kuanzia kubalehe, na huwapata zaidi wale wenye aina ya CAH inayopoteza chumvi. Tena ACTH huwa imeshapanda tangu mtoto yuko tumboni, kabla hajameza kidonge hata kimoja.

Kwa hiyo si haki kumtazama kijana mwenye vinundu na kumwambia, "Wewe hukunywa dawa." Kukosa dawa huvikuza, kweli. Lakini wapo wanywaji wazuri kabisa wanaovipata, na lawama humfanya kijana aache kuja kliniki.

Je, vinundu hivi vinatengeneza homoni?

Ndiyo, na homoni zenyewe ndizo zinazovitambulisha.

Korodani ya kawaida hutengeneza testosteroni. Haina vimeng'enya vinavyoitwa CYP11B1 na CYP11B2. Hivyo ni vya adrenali. Vinundu vya TART vinavyo vyote viwili. Kwa mwenye upungufu wa 21-haidroksilesi, malighafi inayorundikana zaidi ni 17-haidroksiprojesteroni, ile 17-OHP unayoiona kwenye majibu yako ya damu. CYP11B1 ikiikamata, inaigeuza kuwa 21-deoksikotisoli. Korodani peke yake haiwezi kuizalisha homoni hiyo. Ikikutwa kwa wingi kwenye damu inayotoka korodanini, tishu ya adrenali ipo humo na inafanya kazi.

Vimeng'enya hivyohivyo hufungua njia ya pili. Androstenedioni, mojawapo ya androjeni, hubadilishwa kuwa 11-beta-haidroksiandrostenedioni, ambayo mwilini huweza kuendelea hadi 11-ketotestosteroni. Jina hili lijue. Nguvu yake inakaribiana na ya testosteroni, lakini kipimo cha kawaida cha testosteroni hakiioneshi. (Kwa samaki wengi wenye mifupa, hiyo ndiyo homoni kuu ya kiume. Kwa binadamu wataalamu waliipuuza kwa miaka mingi, na kwenye CAH ndiko umuhimu wake ulikojitokeza waziwazi.)

Vinundu si nakala kamili ya adrenali, hata hivyo. Uchunguzi wa jeni zake umeonesha vina pia tabia za seli za Leydig, zile seli za korodani zinazotengeneza testosteroni. Ni tishu yenye sura mbili.

Adrenali nazo zinatengeneza homoni hizohizo. Walijuaje kwamba nyingine zinatoka kwenye vinundu?

Kwa damu ya mkononi huwezi kujua, kwa sababu mle kila kitu kimeshachanganyika. Timu ya Nijmegen, Uholanzi, akiwemo daktari Hedy Claahsen-van der Grinten, ilichukua damu kwenye mshipa unaotoka moja kwa moja korodanini wakati wagonjwa wakiwa kwenye upasuaji. Homoni zenye asili ya adrenali zilikuwa nyingi zaidi pale kuliko kwenye damu ya mwili mzima. Tishu iliyoondolewa nayo ilipimwa, vikakutwa vimeng'enya vya adrenali pamoja na vipokezi vya ACTH. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007.

Ushahidi mwingine uko kwa watu walioondolewa adrenali zote mbili. Kwa baadhi yao homoni za adrenali hazikuisha mwilini, kwa sababu seli zilizojificha kwingine ziliendelea na kazi.

Testosteroni yangu iko kawaida kabisa. Kwa nini basi mbegu ni chache?

Swali hili ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu neno "kawaida" kwenye karatasi ya majibu limewapotezea wanaume wengi miaka ya kutibiwa.

Testosteroni ya kwenye damu yako inaweza kuwa haikutoka korodanini. Androjeni za adrenali, na za vinundu vyenyewe, hugeuka testosteroni mwilini, na nyingine hugeuka estrojeni, homoni ya kike. Pituitari inaziona zote, inaamua homoni za kiume zipo za kutosha, na inapunguza kutuma LH na FSH, homoni mbili zinazoiamrisha korodani. Bila hizo mbili korodani inasinzia. Mbegu hazitengenezwi kwa testosteroni inayozunguka kwenye damu. Zinahitaji ile inayozalishwa mlemle ndani, ambayo wingi wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa kwenye damu. Basi mwanaume ana ndevu, ana misuli, ana hamu, karatasi inasema yuko sawa, na kiwanda kimefungwa.

Daktari anaweza kutofautisha chanzo kwa kugawanya kiwango cha androstenedioni kwa kiwango cha testosteroni, vyote vikiwa kwenye kipimo kimoja cha uzito. Jibu likiwa chini ya 0.5, testosteroni nyingi inatoka korodanini, kama inavyotakiwa. Likizidi 1, adrenali ndizo zinazotawala. Pamoja na hesabu hiyo zipimwe LH na FSH. Zikiwa chini sana, korodani imesinzishwa na inaweza kuamshwa. FSH ikiwa juu na inhibini B (homoni ya seli zinazolea mbegu) ikiwa chini, korodani yenyewe imeshaumia.

Kuna na jeraha la pili, ambalo si la homoni. Vinundu hivi huota mahali pabaya kuliko pote: katikati ya korodani, pale vijia vyote vya mbegu vinapokutana kabla ya kutoka. Fikiria kichuguu kinachoota mdomoni mwa mfereji. Mwanzoni maji hupenya kwa shida, kisha yanazuiwa kabisa, na mwishowe shamba lenyewe linaharibika. Ndivyo hatua tano za ugonjwa huu zinavyoelezwa: kutoka seli zisizoonekana hata kwa altrasaundi, hadi kubanwa kwa vijia, kuziba, na mwisho makovu yasiyorudi nyuma.

Kusinzia kwa homoni kunatibika. Makovu hayatibiki. Kati ya hayo mawili kuna miaka, na miaka hiyo ndiyo tunayoipigania.

Sina maumivu, wala sishiki kitu chochote. Bado nipime?

Pima. Kwa kuwa vimekaa katikati, vinundu vingi vilivyo chini ya sentimita 2 havishikiki kwa vidole, hata vya daktari mzoefu. Maumivu si kipimo pia. Wengi hawaumwi kabisa. Mapitio ya tafiti yanaonesha kwamba takribani wanaume 40 kati ya 100 wenye CAH ya aina kamili, yaani ile kali, wanavyo.

Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani unapendekeza altrasaundi ya korodani kwa vipindi tangu ujana. Kipimo hakiumi, hakina mionzi, na mashine inayopima ujauzito ikiwa na kifaa kinachofaa hufanya kazi hiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukiagiza. Mzazi, kama kliniki ya mwanao haijawahi kukitaja na kijana ameanza kubalehe, kitaje wewe. Na kijana aelezwe kwa lugha nyepesi anapimwa nini na kwa nini, kabla hajalala kitandani. Kumvua nguo mtoto wa miaka 14 bila maelezo ni kumfukuza kliniki.

Daktari amependekeza korodani iondolewe. Nikubali?

Uliza kwanza kama anajua una CAH na kama uvimbe uko pande zote mbili. Chini ya darubini, TART hufanana sana na uvimbe wa seli za Leydig, na katika maandishi ya kitabibu wapo wanaume walioondolewa korodani zenye vinundu visivyo vya saratani kwa sababu ya mfanano huo. Tofauti zipo. Uvimbe wa Leydig kwa kawaida ni wa upande mmoja. Baadhi yake huonekana na fuwele zinazoitwa za Reinke, ambazo kwenye TART hazipo. Na takribani mmoja kati ya kumi kwa watu wazima huwa mkali, yaani saratani.

Kinyume chake pia hutokea: mwanaume ambaye CAH yake haijawahi kugunduliwa anafika kwa daktari wa upasuaji na uvimbe wa pande mbili. Kipimo cha 17-OHP kabla ya kisu kinaweza kuziokoa korodani zake. Binafsi naona hakuna korodani mbili zinazopaswa kuondolewa kabla ya kipimo hicho kuangaliwa, isipokuwa pale ambapo saratani imeshathibitika.

Dawa ikiongezwa, vinundu vitayeyuka?

Vingine hupungua, vingine havitingishiki. Dawa ya kila siku ya mwenye CAH hushika nafasi ya kotisoli inayokosekana. Dozi ikiwa kubwa zaidi, au dawa ya nguvu kama deksamethasoni ikitumika, ACTH hushuka na vinundu vichanga vinaweza kusinyaa katika miezi kadhaa. Wapo waliorudisha mbegu kwa njia hiyo, na wakapata watoto. Vile vya zamani, vilivyojaa makovu, havisikii.

Gharama yake ni nzito: unene, michirizi kwenye ngozi, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Haifai kuwa matibabu ya maisha, na haifai kujiongezea mwenyewe. Vilevile usipunguze wala kuacha dawa ghafla kwa kuogopa madhara hayo. Mwenye CAH anayeacha dawa anaweza kufa kwa siku chache, na akipata homa kali dozi ya haidrokotisoni (kotisoli ya vidonge) huongezwa mara mbili hadi tatu kwa maelekezo ya kliniki. Akitapika vidonge, anahitaji sindano na hospitali.

Wengi Afrika Mashariki hutumia predinisoloni kwa sababu vidonge vya haidrokotisoni ni adimu kwenye maduka ya dawa. Siyo kosa, ila muda wa kumeza una uzito, kwani ACTH hupanda kuelekea alfajiri. Siku ya kupima damu, andika saa uliyomeza dawa na saa uliyotolewa damu. Bila saa hizo, 17-OHP ni namba tu.

Upasuaji wa kuondoa vinundu peke yake utanirudishia uzazi?

Kwa masikitiko, mara nyingi hapana. Wanaume wanane waliofanyiwa upasuaji huo wa kuibakiza korodani kule Nijmegen hawakupata nafuu ya utendaji wa korodani, kwa kuwa uharibifu ulikuwa umeshakomaa. Upasuaji hufaa kwa mwenye maumivu au uzito unaomsumbua.

Niweke mbegu benki?

Kama mbegu zipo na huduma unaifikia, ndiyo, na mapema. Kipimo cha mbegu kifanywe kijana anapokuwa tayari kwa mazungumzo hayo, bila kusubiri ndoa. Hata mbegu chache sana zinatosha kwa upandikizaji wa kuingiza mbegu moja kwenye yai moja, huduma inayopatikana kwenye kliniki binafsi Nairobi na Dar es Salaam, japo bei yake si ya kila mtu.

Naweza kufunga Ramadhani?

Zungumza na daktari wiki kadhaa kabla. Anayemeza haidrokotisoni mara tatu kwa siku hawezi kuhamishia dozi zote usiku kwa kukisia. Mchana mrefu bila dawa huipandisha ACTH na pia huweza kumwangusha kwa upungufu wa chumvi na sukari. Kwa baadhi ya watu dawa hubadilishwa kuwa ya muda mrefu, ikamezwa wakati wa daku. Kwa wengine kufunga ni hatari, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Ni wenye CAH tu wanaopata vinundu hivi?

Karibu wote, ndiyo. Mara chache hutokea kwa wengine wenye ACTH iliyopanda sana kwa muda mrefu: wenye ugonjwa wa Addison (adrenali zilizoshindwa kazi) usiotibiwa vizuri, au wenye hali ya Nelson, inayofuata baada ya kuondolewa adrenali zote mbili kwa ajili ya ugonjwa wa Cushing, yaani wa kotisoli kuzidi mwilini. Kwa hawa wa Nelson, kimeng'enya hakina kasoro, hivyo vinundu huweza kutengeneza kotisoli yenyewe.

Nimesikia kuna dawa mpya.

Krinesefonti iliidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wenye CAH ya aina kamili kuanzia miaka 4. Huzuia amri huko huko juu, ikapunguza ACTH na androjeni, hivyo dozi ya steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, nayo inaweza kushushwa. Haiondoi hitaji la steroidi, na haikuidhinishwa kama dawa ya vinundu. Kimantiki inagusa mzizi wenyewe.

Nikipata mtoto, atarithi?

Kila mtoto wako atapokea kutoka kwako nakala moja yenye kasoro, lakini ataumwa tu kama mama yake naye atampa nyingine. Mke asiye na kasoro hiyo: watoto wote ni wabebaji, hakuna mgonjwa. Mke mbebaji: kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuleta mtoto mgonjwa. Wabebaji wa aina kamili hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 60 hivi, na kwa ndugu wa damu uwezekano ni mkubwa zaidi, kwa hiyo mnaooana mabinamu ongeeni na daktari kabla. Mtoto akizaliwa, awe wa kike au wa kiume, apimwe 17-OHP baada ya siku mbili tatu. Akiwa wa kiume, usidanganywe na umbo lake la kawaida: tatizo la chumvi hujitokeza wiki ya kwanza hadi ya tatu, kwa kutapika, kulegea na kukataa kunyonya.